Mistari ya Buluu ya Bellevue

Kabla ya mwaka 1873, maskini aliyelazwa katika Hospitali ya Bellevue jijini New York aliuguzwa na wafungwa. Wanawake waliokamatwa kwa ulevi au makosa ya mitaani walihukumiwa siku kadhaa za kazi, na baadhi yao wakapelekwa wodini kuitumikia adhabu hiyo. Hawakuwa na mafunzo, na hakuna aliyetarajia waipende kazi. Hospitali yenyewe ilikuwa kongwe, asili yake nyumba ya maskini iliyoanzishwa mwaka 1736, na sasa ilisimama kando ya East River ikipokea kila aliyekosa pa kwenda. Kwa watu wa mji ule, mwanamke aliyewaosha na kuwalisha wagonjwa asiowajua alikuwa ama mtawa ama mtu aliyeshindikana kwao. Katikati hapakuwa na nafasi.

Sare ya wanafunzi wa uuguzi wa Bellevue ilizaliwa kutokana na hali hiyo. Leo tumezoea kudhani kwamba nguo za nesi zilibuniwa kwa ajili ya usafi. Usafi ulikuwemo, lakini ulikuja nyuma. Swali lililotangulia lilikuwa la heshima: binti wa watu akienda kusafisha vidonda vya wanaume asiowajua, mjini watamdhania nani?

Waliolibeba swali hilo walikuwa wanawake wenye nafasi. Mwaka 1872 Louisa Lee Schuyler alianzisha chama cha kukagua nyumba za maskini na hospitali za umma katika jimbo la New York, na kamati yake ikaingia Bellevue. Walichokiona wodini kiliwafanya waamue kuanzisha shule. Daktari kijana, W. Gill Wylie, akasafiri kwenda Ulaya kuangalia wenzao wanafanyaje, na Florence Nightingale mwenyewe, muuguzi maarufu wa Uingereza, akamwandikia barua ndefu ya ushauri. Shule ikafunguliwa tarehe 1 Mei 1873, ya kwanza Marekani kufuata mpango wa Nightingale. Kabla mwaka haujaisha, New Haven na Boston nao wakawa wamefungua za kwao.

Huko Ulaya alikokwenda Wylie, suala la mavazi lilikuwa limeshapatiwa majibu, tena zaidi ya moja.

Jibu la kwanza lilitoka Kaiserswerth, mji mdogo kando ya mto Rhine, Ujerumani. Mwaka 1836 mchungaji Theodor Fliedner na mkewe Friederike walifungua hapo nyumba ya mashemasi wa kike wa Kiprotestanti, waliofundishwa kuuguza wagonjwa. Wanawake hawa hawakuwa watawa wala hawakuwa wameolewa, na wakati ule msichana asiye na mume hakutembea peke yake mjini bila kusemwa. Akina Fliedner wakawavisha kama wake za watu wa tabaka la kati: gauni la buluu, aproni, na kofia nyeupe yenye marinda iliyofungwa kwa utepe chini ya kidevu. Kwa mavazi hayo msichana wa miaka 25 aliweza kuingia nyumba yoyote akapokelewa kama mama mwenye nyumba yake. Nightingale alikaa kwao kwa miezi kadhaa mwaka 1851, akayaona yote hayo.

Miaka mitatu baadaye ilikuwa zamu yake kuwavisha watu. Mnamo Oktoba 1854 aliondoka Uingereza na wanawake 38 kwenda Scutari, ng'ambo ya Istanbul, kuuguza majeruhi wa vita vya Crimea. Watawa waliokuwa kwenye msafara walibaki na majoho yao. Wauguzi wa kulipwa walipewa gauni la kijivu la kitambaa kizito, koti la sufu, kofia nyeupe isiyo na urembo, na skafu iliyotariziwa jina la hospitali kwa uzi mwekundu. Nguo zilishonwa haraka, bila kumpima mtu. Mfupi alizama ndani ya gauni, mrefu alionekana vifundo vya miguu. Muuguzi mmoja, Bi Lawfield, alimwendea Nightingale kulalamika kwamba yuko tayari kuvumilia kila kitu isipokuwa kofia: kofia humfaa huyu isimfae yule, na angalijua mapema kuhusu kofia zile asingalitoka kwao. Nightingale aliliandika lalamiko hilo katika barua, na ukiisoma unahisi jinsi lilivyomchekesha na kumchosha kwa wakati mmoja. Mimi namwelewa Bi Lawfield. Mtu ameacha kwao, amevuka bahari kuelekea penye kipindupindu, amebakiwa na uso wake tu, na huo nao unaharibiwa na kofia.

Hata hivyo skafu ile ilifanya kazi yake. Inasimuliwa kwamba askari mmoja alimshika muuguzi barabarani, mwenzake akamzuia kwa kumwambia kwamba huyo ni mmoja wa wanawake wa Bi Nightingale. Mji ulijaa wanajeshi na vileo, na skafu ile ilikuwa ngao.

Aliporudi Uingereza, fedha ambazo wananchi walimchangia zilitumika kuanzisha shule katika Hospitali ya St Thomas', London, mwaka 1860. Wanafunzi wa kwanza walikuwa 15, chini ya metroni Sarah Wardroper. Walipewa chumba, chakula, chai na sukari, kufuliwa nguo, pauni 10 kwa mwaka, na sare: gauni la kahawia, aproni nyeupe na kofia nyeupe. Wakati huo wanawake wa mjini walivaa sketi zilizopanuliwa kwa matao ya chuma, na Nightingale alikuwa ameshaandika katika kitabu chake cha 1859 kwamba mchakacho wa hariri na matao hayo humdhuru mgonjwa anayehitaji utulivu. Gauni la mwanafunzi wake lilipaswa kuwa kimya. Na Uingereza, ambako kila mtu alijua tabaka lake, hakuna aliyeshangaa msichana wa kazi kuvalishwa nguo ya kazi.

Marekani ilikuwa nchi nyingine. Raia wake walijisifu kwamba hawana mabwana, na mtu aliyevaa nguo aliyochaguliwa na mwajiri alikuwa mpishi, dereva wa gari la farasi au mjakazi. Tena kamati ya Bellevue haikutaka wajakazi. Ilitafuta wasichana waliosoma, wa familia zenye jina jema, na hao ndio waliokuwa wagumu kuliko wote kuvishwa sare. Mwaka huohuo wa 1873, katika hospitali ya wanawake na watoto ya Boston alikosomea Linda Richards, sare haikuwepo kabisa. Kilichotakiwa ni gauni linalofulika. Richards alihitimu akaja Bellevue kuwa msimamizi wa usiku. Mkuu wake alikuwa Sista Helen wa jumuiya ya Kianglikana ya All Saints, mwenye joho lake la kitawa tangu asubuhi hadi jioni. Wanafunzi walimheshimu, lakini hawakutamani kufanana naye. Kila mmoja akaendelea kuvaa alichokuja nacho, na kamati ikaendelea kubembeleza.

Aliyekata mzizi wa fitina ni mwanafunzi, Euphemia Van Rensselaer. Ukoo wake ulikuwa miongoni mwa koo za kale za Kiholanzi zilizomiliki ardhi kubwa kandokando ya mto Hudson tangu karne ya 17, na hapakuwa na mtu New York asiyelijua jina hilo. Kama historia ya shule inavyosimulia, mwaka 1876 alipewa ruhusa ya siku mbili, akaenda kwa fundi, akarudi wodini amevaa kitu kipya. Gauni lilikuwa refu, la kitambaa chepesi cha pamba chenye mistari ya buluu na nyeupe, limekaa mwilini sawasawa. Juu yake aproni nyeupe, kola nyeupe, mapindo meupe ya mikono, na kofia. Haikupita wiki, inasemwa, wenzake wote wakawa wanatafuta fundi.

Huenda wasimuliaji wametia chumvi kidogo kwenye hilo la wiki. Kilicho wazi ni kwamba upinzani uliishia hapo, na wengi huieleza habari hii kama ushindi wa fundi hodari na msichana aliyependeza. Mimi naona jina lilifanya kazi kubwa kuliko mkasi. Tazama vazi lenyewe: pamba ya kufulika, mistari, aproni, kofia nyeupe. Mjakazi wa nyumba ya tajiri, asubuhi akiwa anafagia ngazi, alivaa karibu vivyo hivyo. Binti wa mpishi angaliingia wodini na vazi lile, lingekuwa nguo ya mtumishi na mjadala ungefungwa. Lakini hakuna mtu katika New York ambaye angemdhania Van Rensselaer mjakazi. Yeye ndiye aliyelipa vazi heshima, na likishaipata, likaanza kuwagawia wengine: binti wa mkulima aliyetoka kijijini na sanduku moja, akishavaa mistari ya buluu, alisimama wodini sawa na binti wa mwenye ardhi. Euphemia mwenyewe hakulivaa muda mrefu. Baada ya mafunzo alijiunga na watawa wa Kikatoliki, akavaa sare nyingine kwa maisha yake yaliyobaki.

Kulivaa vazi hilo kila siku ilikuwa kazi juu ya kazi. Aproni, kola na mapindo vilitiwa wanga, vikapigwa pasi vingali na unyevu mpaka vikakauka vigumu kama kadi. Kola ngumu ilikwaruza shingo, hasa wakati wa joto la Julai. Mapindo ya mikono yalikuwa vipande vya peke yake, vya kuvaa na kuvua: mwanafunzi aliyavua alipoosha mgonjwa au kusugua sakafu, akayarudisha haraka daktari alipotokea mlangoni, kwa sababu kuzungumza na daktari bila mapindo kulikuwa sawa na kumpokea mgeni ukiwa na nguo za jikoni. Aproni pana ilizunguka karibu sketi yote. Ilikuwa na akili yake: gauni liliweza kuvaliwa siku kadhaa ilhali aproni hubadilishwa kila inapochafuka. Nadharia ya vijidudu ilipokubalika madaktarini, baada ya Joseph Lister kuchapisha matokeo yake mwaka 1867 na hospitali kuchukua miaka mingi kumwamini, pamba nyepesi iliyokuwa imechaguliwa kwa sababu za heshima ikapata sababu mpya. Sufu nyeusi huficha uchafu. Pamba yenye mistari huutangaza, na hustahimili maji yanayochemka.

Kofia ilikuwa na safari ya ajabu zaidi. Ilianza kama kitambaa cha kufunika nywele zote, kama za Kaiserswerth. Kadiri miaka ilivyopita ikapungua, na kofia ya Bellevue ikawa kitu kidogo chepesi chenye marinda, kilichokaa utosini bila kufunika lolote. Kadiri ilivyopoteza kazi ndivyo ilivyozidi kupata maana. Katika shule nyingi za Marekani mwanafunzi mpya hakupewa kofia. Alipita kwanza miezi ya majaribio akiwa kichwa wazi, na aliyebakia hadi mwisho alivishwa kofia katika sherehe, wazazi wakiwa wameketi mbele. Kila shule ilikuwa na mkato wake, hata ilitosha kumtazama mtu kisogoni kujua alisomea wapi.

Bellevue iliongeza beji. Mwaka 1880 kampuni ya vito ya Tiffany iliichorea shule beji ya wahitimu yenye korongo katikati, ndege wa kukesha, aliyezungukwa na duara la buluu na maua ya mpopi, mmea wa usingizi. Ilikuwa ya kwanza ya aina yake katika shule za uuguzi za Marekani. Msichana alihitimu, akaondoka na beji kifuani, na popote alipokwenda alieneza namna ya Bellevue. Isabel Hampton, mhitimu wa 1883, ndiye aliyeianzisha shule ya uuguzi ya Johns Hopkins, Baltimore, mwaka 1889. Mwaka 1880 Marekani ilikuwa na shule za uuguzi 15. Kufikia 1900 zilikuwa 432.

Ongezeko hilo lina upande wake usiopendeza. Hospitali ziligundua kwamba mwanafunzi ni mfanyakazi wa bei nafuu. Alifanya kazi mchana kutwa au usiku kucha kwa posho ndogo na kitanda bwenini, na siku alipohitimu hospitali haikumwajiri. Alikwenda kuuguza matajiri majumbani mwao, na nafasi yake ikajazwa na mwanafunzi mwingine. Wodi nzima ziliendeshwa na wasichana wenye mistari. Mgonjwa aliona sare moja, nadhifu, akadhani ana jeshi la wauguzi mbele yake, kumbe wengi walikuwa bado wanajifunza. Mwaka 1923 ripoti ya Josephine Goldmark kuhusu elimu ya uuguzi ililikemea jambo hilo waziwazi, na hospitali hazikuwa na haraka ya kubadilika.

Usawa wa mistari nao ulikuwa na ukuta wake. Mary Eliza Mahoney, Mmarekani mweusi wa kwanza kuhitimu shule ya uuguzi, alimaliza Boston mwaka 1879, lakini shule nyingi za weupe zilifunga mlango. Katika New York wasichana weusi walikwenda shule ya Lincoln, iliyoanza kuwafundisha mwaka 1898, na baadaye Hospitali ya Harlem, iliyofungua shule mwaka 1923. Huko nako walivaa wanga na kofia, wakapigwa picha za mahafali wakiwa wima kwa safu. Ukizitazama picha hizo unaona vazi la Euphemia likifanya kazi ileile ya mwanzo kwa watu ambao nchi yao iliwadhania watumishi kwa rangi ya ngozi tu.

Wanaume nao walikuwepo. Mwaka 1888, kwa fedha za tajiri Darius Ogden Mills, Bellevue ilipata shule ya wauguzi wa kiume. Hakuna aliyewavisha kofia. Jambo hilo lilikaa kimya kwa karibu miaka mia, kisha likaja kudai majibu.

Karne ya 20 ilileta tofauti iliyowauma wanafunzi zaidi ya zote: rangi. Wahitimu walihamia nyeupe tupu, gauni, soksi na viatu, na mwanafunzi akabaki na mistari pamoja na soksi nyeusi na viatu vyeusi. Mtu aliyetembea wodini kwa miaka mitatu na miguu myeusi aliitamani nyeupe kama bibi harusi. Shule kadhaa zilikuwa na desturi ya wanafunzi kuchoma soksi zao nyeusi walipomaliza, na sidhani kama kuna hotuba ya mahafali iliyosema mengi kuliko moto huo.

Vita Kuu ya Pili ilimtoa mwanafunzi wodini, ikampeleka barabarani. Wauguzi walikwenda jeshini, hospitali zikapwaya, na mwaka 1943 Bunge la Marekani likapitisha sheria iliyosukumwa na mbunge Frances Bolton kuunda kikosi cha wanafunzi wa uuguzi. Serikali ililipa ada, vitabu, posho na sare mbili: ya shule wodini, na ya kikosi ya kutokea nje. Hii ya pili ilichaguliwa mbele ya wataalamu wa mitindo jijini New York, suti ya kijivu yenye vipande vyekundu mabegani na kofia laini ya upande kama ya Jenerali Montgomery. Ilibandikwa katika mabango nchi nzima, kwa kuwa serikali ilijua vizuri kwamba binti wa miaka 18 huvutwa na nchi yake na vilevile na suti nzuri. Sheria ilikataza ubaguzi wa rangi, na zaidi ya wasichana weusi 3,000 waliingia. Kikosi kilipovunjwa kilikuwa kimetoa wahitimu wapatao 124,000. Walivaa kama wanajeshi, ila hawakutambuliwa kuwa maveterani.

Afrika Mashariki sare ilikuja kwa njia ya Uingereza, kupitia hospitali za misheni na za serikali ya kikoloni, na ndiyo maana mpaka leo mgonjwa wa Muhimbili au Kenyatta humwita muuguzi "sista", kama wodi za London zilivyofanya. Lakini kuna kipande cha Marekani kilichojipenyeza. Katika mahafali mengi ya vyuo vyetu wanafunzi husimama na sare mpya, mishumaa mikononi, wakila kiapo chenye jina la Nightingale. Kiapo hicho hakikuandikwa naye. Kilitungwa mwaka 1893 huko Detroit, na kamati iliyoongozwa na Lystra Gretter wa shule ya uuguzi ya Hospitali ya Harper, kwa ajili ya wahitimu wa shule hiyo.

Mwisho wa wanga ulikuja kwa hatua. Vitambaa vya nailoni na poliesta visivyohitaji pasi vilifika wodini baada ya vita, na sketi zikapanda juu. Elimu ya uuguzi ikaanza kuhama kutoka hospitalini kwenda vyuo vikuu. Mwishoni mwa miaka ya 1960 shule ya Bellevue nayo ikameza desturi zake na kuwa sehemu ya Hunter College. Kofia ilidumu hadi miaka ya 1970 na 1980. Iligonga mapazia na mirija ya dripu, haikufuliwa mara kwa mara kama gauni, na wanaume walipoongezeka darasani hakuna mwalimu aliyeweza kueleza kwa nini nusu ya wanafunzi wavishwe ishara ya taaluma na nusu nyingine wasivishwe. Mapindo ya mikono, yale ya kumvalia daktari, yalipigiwa msumari wa mwisho kwa lugha ya kitaalamu: mwaka 2007 Wizara ya Afya ya Uingereza iliagiza wanaohudumia wagonjwa wawe na mikono wazi kuanzia kiwiko kushuka chini, ili waweze kunawa ipasavyo. Amri iliwahusu madaktari pia, wakavua makoti yao meupe ya mikono mirefu.

Mwanafunzi wa leo huvaa blauzi na suruali nyepesi ambazo wenyewe huziita skrabu. Daktari huvaa hizohizo, na fundi wa maabara, na msafishaji. Wagonjwa walilalamika kwamba hawajui tena nani ni nani, kwa hiyo hospitali nyingi za Marekani zimeipa kila idara rangi yake na kuwaandikia wauguzi herufi kubwa za cheo kwenye kadi ya kifuani. Mwanafunzi hupewa rangi ya chuo, na jina la chuo hutariziwa kwenye mkono wa blauzi.